Mama na Binti Si Marika

Liko jambo moja ambalo waandishi wa mambo ya utamaduni hupenda kulipita mbali, nalo ni ugomvi wa mama na binti yake. Tunapoandika juu ya mama huandika sifa. Twasema kwamba mama ni nguzo ya nyumba, kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kwamba hakuna kama mama. Hayo yote ni kweli, na makala haya hayana nia ya kuyakanusha. Lakini ni kweli vilevile kwamba ziko nyumba nyingi, mjini na shamba, ambamo mama na binti yake mkubwa hupitisha miezi wakisemezana kwa habari za maji, kuni na funguo tu. Jambo hilo twalijua sote, na sote twafunika kombe ili mwanaharamu apite. Kisha, siku binti atakapoondoka alfajiri na furushi lake, twasema kwamba ameharibiwa na michezo ya televisheni.

Makala haya yamekusudia kulifunua kombe hilo. Yatafanya hivyo kwa kuutazama mchezo mmoja wa televisheni wa Marekani, ambao kiini chake ni ugomvi wa namna hiyo hiyo. Tumeuchagua mchezo wa kigeni kwa sababu ya wazi: mtu huona upesi kibanzi katika jicho la jirani, na akishakiona huko huwa rahisi kwake kulipapasa jicho lake mwenyewe.

Mchezo Wenyewe

Mchezo huo waitwa Gilmore Girls. Ulitungwa na Amy Sherman-Palladino, ukaanza kuonyeshwa Marekani tarehe 5 Oktoba 2000, ukamalizika tarehe 15 Mei 2007 baada ya misimu 7 na vipindi 153. Mwaka 2016 wahusika walewale walirudi katika vipindi vinne virefu, kila kimoja kikibeba jina la majira ya mwaka. Ni mchezo unaochanganya kicheko na huzuni. Wahusika husema upesi upesi, hutaniana, na katikati ya utani hutoka neno moja linalochoma.

Mandhari yake ni jimbo la Connecticut. Katika mji wa Hartford wanakaa Richard Gilmore, mtu mkubwa katika shughuli za bima, na mkewe Emily. Ni watu wa tabaka la juu, wenye jumba, watumishi, na vyama vyao vya watu wa heshima. Binti yao wa pekee, Lorelai, alipata mimba akiwa na miaka 16. Wazazi walitaka aolewe na kijana aliyempa mimba, yeye akakataa. Alimzaa mtoto wa kike, akampa jina lake mwenyewe, Lorelai, ambalo hufupishwa kuwa Rory. Muda si mrefu akaandika barua fupi, akamchukua mwanawe, akatoka katika jumba la wazazi wake. Alikwenda katika mji mdogo uitwao Stars Hollow, mji wa kubuni, na huko mwanamke mmoja mwenye nyumba ya wageni, jina lake Mia, akampa kazi ya kusafisha vyumba. Akampa na kibanda cha kuwekea zana za bustani, wakalala humo yeye na mtoto wake.

Mchezo unapoanza, Lorelai amekwisha kuwa msimamizi wa nyumba ile ya wageni, na Rory anakaribia umri ule ule wa miaka 16. Ndipo fundo linapofungwa. Rory amekubaliwa katika shule ya kulipia iitwayo Chilton, lakini mama yake hana karo. Basi Lorelai, baada ya miaka yote ile ya kujikweza mbali na wazazi wake, analazimika kwenda kubisha mlango wa jumba lile ili akakope. Emily anakubali kumkopesha, lakini kwa sharti: kila Ijumaa usiku, mama na mjukuu watakuja kula chakula cha jioni katika jumba hilo, tena kila wiki Lorelai atapiga simu. Juu ya meza hiyo ya Ijumaa mchezo mzima umejengwa. Pale wanakaa vizazi vitatu, mkopo ukiwa katikati yao kama sahani ya nne.

Kuhusu mchezo huu, na mingine ya jinsi yake, wako watu wa makundi matatu ambao kwa maoni yetu wamepotoka. Tutajibizana na kila kundi kwa zamu yake.

Upotofu wa Kwanza: Kupiga Marufuku

Kundi la kwanza husema kwamba michezo hii ni sumu. Binti anamjibu mama yake mezani, anamkejeli, anacheka. Basi watoto wetu wakiona hayo nao watajibu, watakejeli na watacheka. Dawa, husema wao, ni kufunga televisheni.

Hoja hii ina upungufu wa aina mbili. Kwanza, wanaoisema wametazama kicheko tu, hawakutazama gharama. Hakuna mahali ambapo mchezo huu unasema kwamba kuondoka kwa wazazi ni jambo la bure. Emily amepoteza utoto wa mjukuu wake: hakumwona akitambaa, hakumsikia akianza kusema. Katika msimu wa pili anamfuata yule Mia na kumlaumu usoni kwamba, lau angekuwa na utu, angemrudisha msichana kwao. Maneno yale ni ya kiburi, lakini ndani yake mna msiba wa mama aliyeporwa mwana naye hajui alikosa nini. Lorelai naye, kila aingiapo katika jumba lile, hurudi kuwa msichana wa miaka 16. Mwanamke ambaye kazini anatawala wafanyakazi, ambaye mji mzima unamheshimu, akikaa katika kiti chake cha Ijumaa hununa kama mtoto. Je, hii ni sifa ya uasi? La hasha. Hii ni hesabu ya hasara, iliyoandikwa kwa wino wa mzaha.

Pili, kupiga marufuku si kulea. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipoeleza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alionya kwamba kuufufua utamaduni wetu hakuna maana ya kuukataa wa wengine, na kwamba taifa likataalo kujifunza kwa mataifa mengine ni taifa la wapumbavu. Kijana akatazwaye kuzungumza juu ya mchezo huu darasani atautazama katika simu usiku, peke yake, bila ya mwalimu wala mzazi wa kumwuliza: Je, ni nani mwenye haki hapa? Kwa hiyo marufuku haimwondolei kijana mchezo. Humwondolea mwalimu tu.

Upotofu wa Pili: Mama Rafiki

Kundi la pili ni la vijana wenyewe, na baadhi ya wazazi wa mjini ambao hupenda kuonekana kuwa watu wa kisasa. Hao huutazama mchezo huu na kuona kheri upande mmoja tu. Emily ni mama mbaya, kwa kuwa anaamrisha. Lorelai ni mama mwema, kwa kuwa ni rafiki wa binti yake: wanavaa pamoja, wanakula ovyo pamoja, hawafichani siri. Kisha kijana huugua moyoni, akisema, "Laiti mama yangu angekuwa kama huyu!"

Tunawaomba vijana hao warudi wautazame mchezo tena, safari hii kwa makini. Katika msimu wa kwanza, Rory anakwenda dansini na kijana aitwaye Dean, na wawili hao wanapitiwa na usingizi katika ukumbi wa ngoma hadi alfajiri. Hawakufanya lolote. Emily, ambaye usiku ule alilala kwa binti yake akimwuguza mgongo, anaamka, haoni mtoto, anaingiwa na hofu. Anamshambulia Lorelai kwa maneno makali: mtoto huyu ataharibikiwa kama wewe ulivyoharibikiwa. Lorelai anasimama kama simba kumtetea mwanawe. Lakini je, nini kinatokea mara Emily anapotoka mlangoni? Lorelai anamgeukia Rory na kumfokea kwa hofu ile ile, karibu kwa maneno yale yale. Urafiki wote wa miaka 16 umeyeyuka kwa usiku mmoja. Hapo mtunzi ametuonyesha kwamba chini ya nguo za rafiki alikuwamo Emily wakati wote. Wala hiyo si aibu kwa Lorelai, maana huo ndio umama. Rafiki haogopi namna ile.

Twende mbele. Mwishoni mwa msimu wa tano Rory, ambaye sasa ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, anaambiwa na tajiri mmoja mwenye magazeti kwamba hana kipaji cha kazi ya uandishi wa habari. Mtoto huyu, aliyesifiwa tangu utotoni, hakuwahi kuambiwa neno la namna hiyo. Anavunjika. Anaiba mashua ya anasa pamoja na mpenzi wake, anashtakiwa, kisha anaacha chuo. Mama yake anasema hapana, nalo ni hapana la kwanza lenye uzito katika maisha yao. Matokeo yake ni nini? Mama na binti ambao hawakupata kufichana kitu wanakaa miezi mingi bila ya kusemezana. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kukataza ni kazi ambayo mikono huizoea kidogo kidogo, na aliyeiahirisha miaka 20 hawezi kuianza siku moja akategemea kutiiwa.

Liko na jambo la pili ambalo vijana wetu hawalioni, nalo lahusu mali. Lorelai anasifiwa kuwa ni mtu wa kujitegemea, na kweli alifanya kazi kwa jasho lake. Lakini siku alipokosa karo alikuwa na jumba la kwenda kubisha hodi. Kujitegemea kwake kulikuwa na ukuta wa mali nyuma yake. Tena tazama kinaya hiki: binti wa Emily alikwenda kuwa mtumishi wa kusafisha vyumba vya watu, na Emily, kwa muda wote wa mchezo, hawezi kukaa na mtumishi mmoja, kila Ijumaa mlango unafunguliwa na uso mpya, kwa kuwa wa wiki iliyopita amefukuzwa. Mchezo unatuchekesha kwa habari hiyo, lakini msomaji mwenye macho ataona kwamba mama huyu anafukuza kila wiki wanawake wanaofanya kazi ambayo binti yake aliichagua badala ya kukaa naye. Ugomvi wa mama na binti hapa ni ugomvi wa tabaka pia.

Msichana wa kwetu aondokaye kwao na mtoto mgongoni hana jumba la kurudia, na ni nadra kumkuta Mia. Aghalabu hukuta kazi ya ndani isiyo na saa wala mshahara wa maana, katika nyumba ambayo naye hana mamlaka hata ya kufunga mlango wa chumba alalamo. Basi amwambiaye binti wa namna hiyo, "Fanya kama Lorelai," amempeleka kisimani bila ya kamba.

Upotofu wa Tatu: "Kwetu Hakuna"

Kundi la tatu ndilo lenye sauti kubwa zaidi katika semina zetu. Hao husema kwamba ugomvi wa mama na binti ni maradhi ya Wazungu, yaliyoletwa na ubinafsi wao. Sisi Waafrika tuna heshima, na kwetu jambo hilo halipo.

Mchezo wenyewe unawajibu. Katika mji ule ule wa Stars Hollow anakaa Bibi Kim, mwanamke Mkorea mwenye duka la vyombo vya kale, Mkristo Msabato mwenye msimamo mkali. Yeye si rafiki wa binti yake hata kidogo. Anamchagulia binti yake, Lane, chakula, nguo na hata nyimbo. Kwa mizani ya kundi la tatu, hii ingekuwa nyumba isiyo na ugomvi. Na kweli haina kelele. Lakini chini ya mbao za sakafu ya chumba cha Lane zimefichwa sahani za muziki wa roki, na siku moja mama anazigundua, binti akahama nyumba. Kumbe ukimya ule haukuwa amani. Ulikuwa sakafu tu.

Halafu, katika msimu wa sita, Lane anapotaka kuolewa, bibi yake anafika kutoka Korea. Bibi huyo ni mfuasi wa Buddha. Mara Lane anashangaa kumwona mama yake, yule mama mkali asiyeogopa mtu, akihangaika kuficha kila kitu cha Kikristo kilichomo nyumbani, ili mama yake asijue kwamba alibadili dini. Mama aliyemlaani bintiye kwa kuficha naye alikuwa akimficha mama yake tangu ujana! Ndoa ikafungwa mara mbili: kwanza kwa ibada ya bibi, kisha kanisani kwa ajili ya mama, na baadaye ndipo Lane akapata muziki wake. Hatujui katika michezo ya televisheni mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha jinsi ukali unavyorithiwa pamoja na siri zake.

Sisi tutadai kwamba hayo hatunayo? Tutazame fasihi yetu. Utendi wa Mwana Kupona, ulioandikwa katika mwambao wa kaskazini yapata mwaka 1858, ni mojawapo ya hazina zetu kubwa. Mama mgonjwa, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, anamwusia binti yake Mwana Hashima juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Vizazi kwa vizazi tumeusoma utendi huo na kuwasomesha watoto. Lakini ni mwalimu gani aliyewahi kuwauliza wanafunzi wake, "Je, binti alijibu nini?" Katika utendi mama anasema, binti anaitwa akae karibu, alete wino na karatasi, asikilize. Hatumlaumu Mwana Kupona. Wasia ni wasia, na mama aliye mahututi ana haki ya kusikilizwa mpaka mwisho. Tunajilaumu sisi tulioufanya wasia huo kuwa kipimo cha mazungumzo yote ya mama na binti, hata katika siku ambazo mama ni mzima na binti ana swali.

Twazo na methali. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii hutumika kama fimbo. Binti akikosea, jamii yote hugeuka kumtazama mama yake: yeye ndiye hakufunza. Baba hatajwi, mjomba hatajwi, shule haitajwi. Basi mama, kwa kujua kwamba hukumu yote itamwangukia yeye, huwa askari wa binti yake. Na binti, kwa kujua kwamba analindwa kama mali ya heshima ya nyumba, huwa mfungwa. Ugomvi wao haukuanzia katika mioyo yao miovu. Ulianzia katika mzigo tuliowatwika.

Mtu wa Tatu

Twafika sasa katika kiini cha hoja yetu. Ikiwa marufuku si dawa, na urafiki si dawa, na kunyamaza si dawa, dawa ni nini?

Mababu zetu, katika makabila mengi ya nchi hii, walielewa jambo moja ambalo mtunzi wa Gilmore Girls analigundua kwa shida katika vipindi 153: kwamba mama na binti wawili peke yao hawawezi. Yako mambo ambayo mama hawezi kumwambia binti yake bila ya wote wawili kuona haya, na yako mambo ambayo binti hawezi kuyasikia kutoka kinywani mwa mamaye bila ya kuyaona kuwa ni amri. Kwa hiyo kazi hiyo walipewa watu wengine. Mwambao walikuwa na somo na kungwi. Bara walikuwa na shangazi. Na karibu kila mahali palikuwa na bibi, ambaye kwa desturi ya utani alikuwa na ruhusa ya kumtania mjukuu, kulala naye kitanda kimoja, na kumwambia ukweli huku akicheka. Mkono mmoja haulei mwana.

Sasa urudi kwenye meza ya Ijumaa. Emily, aliyeshindwa kabisa kuwa mama wa Lorelai, anakuwa bibi wa Rory bila ya taabu kubwa. Mjukuu anamsikiliza, anamhurumia, anamcheka na anachekwa. Kwa nini? Kwa sababu baina ya bibi na mjukuu hakuna hukumu. Na Mia, mwenye nyumba ya wageni, alikuwa nani kama si shangazi ambaye Lorelai hakuwa naye? Na Rory alipoacha chuo, ni nani aliyemrudisha? Si mama yake aliyekasirika, wala si bibi yake aliyempa chumba. Alikuwa Jess, kijana aliyewahi kuwa mpenzi wake, ambaye alimwuliza kwa ukali kwa nini ameacha masomo. Swali lile lile lililotoka kwa mama likawa vita, lilipotoka kwa mtu wa tatu likawa kioo.

Lakini mtu wa tatu naye ana wajibu. Rory alipoacha chuo, Lorelai alikwenda kwa wazazi wake akawaomba wasimame pamoja naye, wasimpokee mtoto mpaka arudi masomoni. Wakakubali. Kisha, kwa siri, wakampokea na kumpa nyumba ndogo iliyo kando ya bwawa lao la kuogelea. Hapo bibi alivunja ahadi. Alitaka kupata kwa mjukuu binti aliyempoteza. Na kweli hazikupita siku nyingi akaanza kumtawala Rory kama alivyomtawala Lorelai, na Rory naye akakimbia. Mtu wa tatu anayemnyang'anya mama mamlaka yake si msuluhishi, ni mshindani.

Wala tusijidanganye kwamba desturi zetu za kale zilikuwa na wema mtupu. Katika baadhi ya unyago msichana alifundishwa kuwa mtumwa wa mume, na wako waliotolewa mwalini na kuolewa wangali watoto. Hatusemi tuvae tena kila joho la zamani. Twasema kwamba ndani ya joho lile mlikuwamo hekima moja, yaani kumpa binti mtu mzima wa pili wa kusema naye, na kwamba katika nyumba zetu za leo za mijini, zenye vyumba viwili, mama mmoja na televisheni, hekima hiyo imetupwa pamoja na joho.

Mlango wa Shule na Mlango wa Nyumba

Jambo hili si la mzaha, wala si la watazamaji wa michezo tu. Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania aliyepata mimba akiwa shuleni alifukuzwa. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi baada ya kujifungua. Mlango wa shule ukafunguliwa. Lakini msichana yule atakapotoka shuleni saa tisa alasiri, ataingia mlango upi? Nani anashika mtoto wake? Nani anamtazama usoni wakati wa chakula? Waraka wa wizara hauwezi kumwamuru mama aseme na binti yake.

Lorelai naye alirudi masomoni. Akiwa mtu mzima alisoma jioni, na katika msimu wa pili tunamwona akihitimu masomo ya biashara. Wazazi wake walikuja katika mahafali hayo, kwa kuwa Rory aliwaalika. Lakini miaka karibu 17 ilikuwa imepita kati ya siku aliyoacha shule na siku ile. Miaka hiyo haikupotezwa na mimba. Ilipotezwa na meza ambayo watu wake hawakuweza kusema.

Walimu wetu wana nafasi ya kuwa mtu huyo wa tatu, na madarasa ya fasihi ni mahali pazuri pa kuanzia. Wanafunzi waelekezwe kuandika jibu la Mwana Hashima kwa mama yake, kwa heshima na kwa ukweli. Waandike barua ambayo Emily angemwandikia Lorelai asubuhi ile alipokuta kitanda kitupu. Waulizwe ni nani mwenye haki katika meza ya Ijumaa, wala mwalimu asikubali jibu la neno moja. Na msichana atakayeandika kwa uchungu usio wa kawaida, mwalimu asimpe alama tu akapita. Amwite.

Hitimisho

Katika vipindi vya mwaka 2016, Richard amefariki. Siku ya mazishi Emily anamtaka Lorelai aseme kumbukumbu moja njema ya baba yake, na Lorelai, kwa kulewa na kwa uchungu, anatoa hadithi za aibu. Mama na binti wanagombana vibaya kuliko wakati wowote. Wanakwenda hata kwa mshauri wa mambo ya nafsi, na wanakaa pale wakitazamana kimya. Lakini baadaye, akiwa mbali sana, huko California, Lorelai anampigia mama yake simu. Anamweleza kwamba siku alipotimiza miaka 13, akiwa ameumizwa moyo na mvulana, alitoroka shule akaenda madukani kulia. Baba yake akamkuta huko. Yeye alingojea hasira. Baba akamnunulia mkate wa chumvi, akampeleka sinema, wala hakumwambia mtu. Emily anasikiliza, analia, anashukuru.

Neno hilo moja lilichukua miaka 16 ya meza za Ijumaa kutoka. Lakini lilitoka, na lilitoka kwa sababu sharti lile la kukopeshana, ambalo wote wawili walilichukia, liliwalazimisha kuendelea kuketi mahali pamoja. Mwishoni Lorelai anakuja tena kwa mama yake kuomba fedha za kupanua kazi yake, na Emily, kama ilivyo ada yake, anatoa sharti: kila mwaka binti na mumewe waje kukaa naye siku kadhaa. Safari hii wote wawili wanajua sharti hilo maana yake ni nini. Ni njia pekee ambayo Emily anaijua ya kusema, "Nataka kukuona."

Ndiyo maana twasema kwamba mama na binti si marika. Hawana haja ya kuwa marafiki, na wala hawana haki ya kuwa askari na mfungwa. Wanahitaji mahali pa kuketi ambapo hapana ruhusa ya kuondoka kabla ya sahani kwisha, na mtu wa tatu wa kuwasikiliza bila ya kuiba. Wetu ni wajibu wa kuwawekea meza hiyo. Tusipowawekea, tusiilaumu televisheni siku tutakapoamka na kukuta kitanda kitupu.